Shina Moja Kutoka Shamba la Kaka

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, majirani na wenzake wa kazini, haya ni maisha ya mdogo wetu tunayemzika leo, Jumatano tarehe 24 Oktoba 2018. Yameandikwa na kaka yake mkubwa, na ndiye anayeyasoma, kwa sababu watoto wa marehemu walikaa juzi sebuleni wakasema, mjomba asome yeye, tena asome yote, asije akaruka mstari kwa kujifanya kikohozi kimembana. Basi humu ndani kaka huyo atatajwa kama ndugu wengine wanavyotajwa, kwa uhusiano wake, na msikilizaji asimwonee haya.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 9 Aprili 1964, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha zahanati iliyokuwa jirani na kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba karani wa stoo na mama mshonaji, akitanguliwa na kaka yake kwa miaka minne. Alikuwa mtoto mpole wa mdomo na mkorofi wa mikono, kila kitu alitaka kukipasua aone ndani, akapasua mpira wa kaka yake, akafungua saa ya baba, akapasua mto wa mgeni, mpaka mama akawa anasema mtoto huyu hata yai hali mpaka ajue limetoka kwa kuku yupi, na baba akamjibu, mwache, wengine tunakula tu na hatujui tunakula nini.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, akamaliza mwishoni mwa 1977, mwaka ambao baba yetu alifariki, tarehe 30 Septemba. Kaka, akiwa na miaka kumi na saba, aliacha shule akashika jembe kwenye shamba la baba kule bondeni ili mdogo wake aendelee, jambo ambalo lilikuwa jema na ambalo yeye mwenyewe aliliharibu kwa kulitaja, maana alilitaja kwenye mahafali ya mdogo wake, akalitaja kwenye harusi yake, akalitaja kila alipokunywa chai kwake, naye marehemu kila mara alijibu, "Najua kaka, Mungu akuzidishie," mpaka mgeni angedhani ni wimbo waliofundishwa pamoja. Alisoma sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, kisha chuo cha mafundi wa maabara kuanzia 1982 hadi 1984, akatoka na cheti na miwani.

Jumatatu tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mboga, akapangiwa chumba kirefu chenye madirisha manane, matatu hayafunguki, meza za vigae vyeupe, sinki lenye bomba linalolia, na harufu ya mchuzi uliopoa, kwa sababu bakteria hupikiwa chakula chao kama watu, kinamiminwa kwenye sahani za kioo kikagande, ndipo wanapandwa juu yake. Miaka mitatu ya kwanza aliosha sahani tu. Miaka thelathini iliyofuata alishughulika na ugonjwa mmoja, mnyauko wa nyanya, ambao ninyi wakulima mliopo hapa hamhitaji kuelezwa, mche unalala mchana ukiwa bado kijani, jioni unainuka kidogo kukudanganya, siku ya tatu hauinuki tena. Alitembea na kisu kidogo na glasi ya maji safi, anakata shina, anatumbukiza ncha yake majini bila kulitikisa, na baada ya dakika mbili uzi mweupe unashuka kutoka kwenye shina kama moshi uliopotea njia, ndio bakteria wenyewe, mamilioni, na alipenda kuwaambia wakulima, "Haya, mwizi wenu huyo, anatoka mlangoni mnamwona."

Watu wote, pamoja na wasomi wakubwa wa kituo, walimhesabu mwizi huyo kuwa mmoja. Marehemu alikataa. Mwaka 1996 aliona mashamba mawili yaliyotenganishwa na mfereji, nyanya aina moja, zimepandwa wiki moja, huku zimekufa na kule zimesimama, akarudi maabara na mashina ya pande zote mbili. Bakteria wa kila shamba aliwapa sukari sita tofauti ndani ya vichupa sita vya maji ya kijani, anayekula hugeuza kijani kuwa manjano, asiyekula huacha kijani kama kilivyo, akaona wengine hawagusi hata moja, wengine wanakula zote sita kama wageni wa harusi, na akasoma katika ripoti za wenzake wa mbali kwamba wapo wanaokula tatu za kwanza na kususa zilizobaki, na wapo wanaokula tatu za mwisho peke yake. Akasema, hawa wamevaa sare moja lakini si kikosi kimoja. Mwaka 2003, mashine ya kusoma vinasaba ilipofika kituoni, mistari yao ilipangwa ubavu kwa ubavu, ikatoka kama alivyosema, koo tofauti, na ndani ya ukoo mmoja watoto wasiofanana. Katika bonde letu alikuta koo mbili, ule usiokula chochote na ule unaokula zote. Na kwa kuwa nyanya inayomshinda huyu inaweza kuuawa na yule, alianza kuchora ramani ya bonde, shamba kwa shamba, na kila shamba chupa yake yenye namba.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988 na fundi wa majokofu, ambaye alikuja kutengeneza jokofu la kugandisha la maabara na ambaye, kwa maneno ya wenzake wa kituoni, alikuwa akiliharibu tena mwenyewe kabla hajaondoka ili apate sababu ya kurudi. Walijaliwa watoto wawili, binti, tarehe 3 Mei 1990, ambaye leo ni mwalimu, na kijana, tarehe 22 Novemba 1993, ambaye ni mchomelea vyuma. Mume alizoea kusema yeye ameoa mke mmoja na bakteria milioni kumi, na kwamba bakteria hawamgombezi akichelewa. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 2 Juni 2005, na jokofu lile likazima kabisa mwaka uliofuata, Agosti 2006, maana hapakuwa tena na mtu wa kulibembeleza.

Hapo ndipo jambo lilipoanzia, na litasomwa taratibu.

Bakteria wa maabara walikuwa wakihifadhiwa ndani ya jokofu hilo, wameganda. Lilipokufa, ikabidi kila wiki mbili wahamishwe kutoka sahani moja kwenda sahani mpya, ili wasife kwa njaa, na hivyo ndivyo walivyofanya kituoni kwa miezi mitano. Sasa bakteria hawa wakilishwa sahanini mfululizo hulegea, kama mbwa wa kuwinda aliyefungwa jikoni, wanaishi, wanazaana, lakini ukali wa kuvamia shina unawatoka. Dalili ipo, vidoa vyao juu ya sahani vinaacha kuwa vikubwa, vyeupe na vya kuteleza, vinakuwa vidogo, vikavu, vyekundu. Marehemu aliviona vyekundu tarehe 12 Januari 2007, akaenda kwa mtafiti mkuu akamwambia, mzee, hawa wameshakuwa wapole, tusipimie nao, tutafute wapya shambani. Mtafiti mkuu alikuwa na nyanya mpya mkononi, ameipa jina Shupavu, na wageni wa kuiona walikuwa wanafika Machi. "Mama, nyoka mzee si bado ana sumu?" akamwambia. "Wewe endelea." Akaendelea. Miche sitini ya Shupavu ilimwagiwa bakteria wale, ikasimama yote sitini, na tarehe 23 Februari 2007 marehemu aliweka saini yake kwenye fomu, kwamba nyanya hii inahimili mnyauko. Hakuna aliyemshika mkono akaandika. Watoto wake wamesema hili lisifichwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha hata siku moja.

Ijumaa tarehe 9 Machi 2007 miche iligawiwa kwa wakulima watano wa bondeni, na wa kwanza alikuwa kaka yake, miche mia sita, ambayo marehemu aliipakia mwenyewe na kuipeleka mwenyewe, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ana kitu cha kumpa kaka aliyemwachia shule. Wakulima wanne walipoteza kama theluthi ya nyanya zao. Kwa kaka zilikufa zote mia sita, kwa siku tisa, tangu tarehe 14 hadi tarehe 22 Mei, zikiwa zimeshatoa maua.

Marehemu alikwenda kwa wale wanne, nyumba kwa nyumba, akasimama uani akasema, kosa ni langu, nilitia saini nikijua bakteria wamelegea. Mmoja alimtukana, mmoja alilia, wawili walimpa kiti. Wote wanne walimpa mashina. Akapima Shupavu upya kwa bakteria wakali waliotoka kwenye mashina hayo, na kati ya miche sitini ikaanguka kumi na tisa, yaani kama theluthi, sawasawa na ilivyokuwa kwa wale wanne, akajua ukubwa wa kosa lake, akaliandikia barua kituoni. Lakini mia sita kwa mia sita haikuingia popote. Ama kosa lake lilikuwa kubwa kuliko alivyoweza kulipima, ama shambani kwa kaka kulikuwa na ukoo mwingine kabisa, ambao kituo hakikuwahi kuwa nao, na hapo kipimo chochote, kikali au kipole, kisingeuona. Shina moja tu lingemjibu kama ni yeye aliyeliua shamba la kaka yake au siye. Alitaka kujua hilo, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata hakutaka jambo lingine kama alivyolitaka hilo.

Kaka alikuwa amekwisha kung'oa nyanya zote na kuzichoma. Jumapili tarehe 27 Mei 2007, saa mbili asubuhi, marehemu akiwa anafunga mlango aende ibadani, kaka alifika na ndoo, akamwaga majivu kwenye kizingiti mbele ya majirani, akasema, "Hii ndiyo asante ya shule niliyokuachia." Marehemu alitazama majivu, akatazama kaka yake, akauliza kama limebaki hata shina moja. Kaka akamwambia, "Pima majivu." Kisha akawahi ibadani, akafika kabla yake, akaomba kwa sauti kwamba Mungu awaponye wenye mikono iliyosoma na ambayo kila inachogusa kinakauka, na waumini wakaitikia amina, wengi wao bila kujua wanamwitikia nani.

Watoto wa kaka walikatazwa kumwamkia shangazi yao. Wakamtungia jina, Shangazi Mnyauko, kaka akalisikia akacheka, na jina lililochekewa na mzazi halikai nyumbani, likatoka barabarani, likafika sokoni, likafika mpaka kwenye lango la kituo, ambako mlinzi mmoja aliwahi kulitumia kwa heshima kabisa akidhani ndilo jina lake. Wapo waliomwambia kaka inatosha. Wengi walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nao walichukua majembe yao wakaenda kulima, na hatuwalaumu, kwa sababu mgomvi mwenyewe alikuwa mmoja.

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Juni, nyanya zikiwa na maua, marehemu alikwenda kwenye lango la kaka yake na kisu chake na glasi yake, kwa maana kaka hakuacha kupanda mistari michache ya nyanya, na hazikuacha kufa. Alisimama nje ya uzio, akabisha hodi, akasema, "Kaka, nakuomba shina moja." Mwaka wa kwanza alifunguliwa mbwa. Mwaka wa pili aliulizwa kama amekuja kuzika au kufufua. Mwaka wa tatu kaka alikata shina mbele yake, akalikata tena vipande vidogo, akawapa mbuzi. Wenzake wa maabara walimshauri aingie kaka akiwa ibadani, akate, aondoke, nani atamjua, akawaambia shina la kuiba halitamtua mzigo, kaka yake atasema limetoka kwingine, na yeye analitaka kwa mkono wa mwenyewe.

Sasa linakuja lile ambalo watoto walisema lisirukwe.

Mwaka 2010, mwezi Julai, fundi wa kituo kingine cha mbali alipita bondeni, hamjui mtu, akaomba mashina yenye mnyauko, na kaka akampa matatu bila ubishi. Majibu yalikuja kwa barua, yameandikwa tarehe 11 Agosti 2010, kwamba bakteria wa shamba hili ni wa ukoo ambao wataalamu huuita wa pili, unaokula sukari tatu za kwanza na kususa zilizobaki, ukoo ambao haujawahi kuonekana katika bonde hilo, na ambao mara nyingi husafiri ndani ya mbegu za viazi. Kaka aliisoma akiwa amesimama. Msimu wa 2006, nyuma ya mahindi, alikuwa amepanda viazi, mbegu aliyoinunua kwa msafiri, hakumwambia mtu, kwa sababu alitaka awe wa kwanza bondeni kuvipeleka sokoni, na vilipooza ardhini alivifukia akanyamaza. Kwa hiyo ugonjwa alikuwa ameuleta yeye. Hata kama bakteria wa maabara wangekuwa wakali kama moto, hata kama saini ile isingewekwa, nyanya zile mia sita zingekufa.

Angeweza kuvuka barabara siku ile ile. Hakuvuka. Alikuwa amekwisha kuonewa huruma kwa miaka mitatu, kwenye ibada, kwenye misiba, kwenye foleni ya kinu, na huruma ya watu ni tamu kuliko mavuno, haihitaji palizi. Karatasi ile aliisokomeza ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo, akawa anaimba nayo kila Jumapili, na mdogo wake ameketi safu ya nne.

Na marehemu aliendelea kuja langoni, mara nane tena.

Jumamosi tarehe 12 Julai 2014 binti yake aliolewa, na kaka, akiwa mjomba, alipewa nafasi ya kusema neno. Alisimama akasema anamwombea bwana harusi, kwa kuwa anachukua mche uliopimwa na mama yake. Watu walicheka. Marehemu naye alicheka, tena alicheka vizuri, kisha akainuka akaenda nyuma kuosha glasi, na aliloa povu mpaka kwenye viwiko, dada wa jikoni wanasema glasi zenyewe zilikuwa safi.

Kazi yake haikusimama. Mwaka 2016 ramani ya bonde ilikamilika, chupa mia moja themanini na sita, safari hii bakteria wakiwa ndani ya maji safi yaliyochemshwa, ambamo alijifunza kwamba wanadumu miaka mingi bila kulegea, na wakulima wakaambiwa shamba lipi lipande nyanya ipi na lipi lipumzishwe kwa mahindi na vitunguu. Mtafiti mkuu alistaafu kwa keki na hotuba ndefu, na ndani ya hotuba hakuna aliyesikia jina la fundi wa maabara. Ramani ilibandikwa ukutani, imepakwa rangi mbili, na katikati yake mraba mmoja mweupe. Wageni wakiuliza hapo pana nini, alijibu, "Hapo ni kwa kaka yangu, ana shughuli nyingi."

Maumivu ya tumbo yalimwanza Machi 2018. Juni alikwenda langoni kama kawaida, ameshakonda, ameshika uzio, na kaka akamtazama kutoka juu hadi chini akasema, "Umepungua, dada. Unalala mchana kama nyanya zangu." Marehemu akajibu, "Na jioni nainuka kidogo, kaka," akaondoka bila shina. Tarehe 17 Julai 2018 madaktari waligundua kansa ya kongosho, imeshasambaa, na tarehe 24 Septemba alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho, karibu na dirisha.

Alhamisi tarehe 18 Oktoba binti yake alifika kwa kaka, hakukaa, akasema, "Mjomba, mama bado anauliza shina." Usiku wa siku hiyo kaka hakulala, na kesho yake, Ijumaa saa nne asubuhi, alifika wodini, hakuleta shina, alileta karatasi. Marehemu aliomba miwani. Aliisoma kama alivyosoma karatasi zote za maisha yake, polepole, kidole chini ya mstari, akafika kwenye sukari tatu za kwanza, akamgeukia binti yake akasema, "Ukoo wa pili. Si mimi." Muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji anasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevua kiatu kilichombana safari nzima.

Kisha akaanza kuisoma upya kutoka juu, na juu ndiko kulikokuwa na tarehe. Akaisoma kwa sauti, kumi na moja Agosti, elfu mbili na kumi. Akavua miwani. "Miaka minane, kaka," akasema. Kaka alianza kusema kwamba Mungu ana wakati wake, naye akamkatiza, "Mungu mwache alipo, si yeye aliyeificha." Akaikunja karatasi mara mbili, akampa binti yake, akamwomba muuguzi avute pazia.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho baina yao. Kaka alikaa kwenye benchi la ukumbini siku ile ya Ijumaa, akakaa Jumamosi, akakaa Jumapili, mara tatu aliomba kuingia na mara tatu aliambiwa mgonjwa amelala. Hakuwa amelala. Jumamosi mchana kaka alimsikia kwa masikio yake akicheka na mwenzake wa maabara, akimwelekeza rangi ya kupaka kwenye ule mraba mweupe, akimwambia aupake kijani, na apake hadi pembeni, asiwe mvivu. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 21 Oktoba 2018, saa tisa na dakika arobaini alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika, na kaka yake akiwa umbali wa hatua sita, upande wa pili wa mlango.

Tangu Jumapili wapo waliokuja kumfariji kaka kwa kumwambia, kimya chake kilikuwa msamaha, wagonjwa hawana nguvu za kusema. Wanasema kwa wema. Lakini alikuwa na nguvu za kucheka, na historia ya marehemu haiandiki jambo ambalo halikutokea. Kama lilitokea kati yake na Muumba wake, kaka ataliuliza siku yake ikifika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi yule aliyevuta pazia alipoombwa na hakulifungua alipobembelezwa. Inawashukuru majirani waliofagia majivu yale mwaka 2007 kabla marehemu hajarudi kutoka ibadani, wakanyamaza mpaka juzi. Inawashukuru wale wakulima wanne waliosamehe wakiwa na haki ya kutosamehe, wapo hapa, na ndio waliochimba kaburi. Inawashukuru wenzake wa maabara, ambao Jumatatu asubuhi walifika shambani kwa kaka na kisu na glasi, wakafunguliwa lango, wakachagua shina wenyewe, wakalitumbukiza majini, na kaka akachuchumaa nao dakika mbili zile akauona ule uzi mweupe ukishuka, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na chupa hiyo sasa ni namba mia moja themanini na saba.

Jina la Bwana lihimidiwe, na aipokee roho ya mja wake aliyemtumikia kwa kusema kweli hata ilipomuuma mwenyewe.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na si lazima uitikie.